Barua ya kulipia kikoa imekuja kwa posta, ni ya kweli?

Mkaazi_Houston: Wakuu, habari zenu. Chama chetu huku Marekani kina kikoa (jina la tovuti) cha .com. Imekuja barua yenye jina la kikoa, anwani yetu sahihi na tarehe ya mwisho, inataka dola 50 kwa mwaka. Mhazina yuko tayari kuandika hundi. Alipe?

Fundi_Seva: Asilipe kwanza. Jina na anwani havithibitishi kitu: kumbukumbu za WHOIS, yaani orodha ya wenye vikoa na anwani zao, zilikuwa wazi kwa kila mtu hadi zilipoanza kufichwa mwaka 2018, na zilizonakiliwa kabla ya hapo hazikufutika.

Soma maandishi madogo. Kwa kawaida utakuta yanasema "hii si ankara". Ni fomu ya kuhamishia kikoa kwao, tena kwa bei kubwa; .com hulipiwa kati ya dola 10 na 20 hivi kwa wasajili wengi (kampuni zinazosajili vikoa). Nyingine hazihusu usajili kabisa, zinauza nafasi kwenye saraka isiyosomwa na mtu. Mchezo huu ni wa zamani: Domain Registry of America ilishitakiwa na FTC, tume ya biashara ya Marekani, mwaka 2003 kwa barua za aina hii.

Fungua lookup.icann.org, andika kikoa chenu, tazama jina la msajili na tarehe ya kuisha. Msajili akiwa tofauti na aliyeandika barua, hamdaiwi naye. Kulipa, ingieni kwenye akaunti yenu wenyewe, si kwa anwani iliyochapwa kwenye barua.

Bi_Mtandao: Naongezea la kufuli. Kwenye ukurasa huohuo tafuta neno clientTransferProhibited. Likiwepo, kikoa kimefungwa na hakihami. Lisipokuwepo, kifungeni leo. Msimbo wa uhamisho (nywila ya kuhamishia kikoa kwa msajili mwingine) asipewe mtu yeyote, maana kufuli likiwa wazi na walioandika barua wakiwa na msimbo, msajili wenu wa sasa huwaandikia barua pepe na kusubiri siku 5; mkikaa kimya, kikoa kinaondoka.

Ndiyo maana mimi naogopa zaidi barua pepe iliyosajiliwa ikiwa ya kiongozi aliyekwishatoka. Msajili halali analazimika kukumbusha kama mwezi mmoja kabla ya kikoa kuisha, na tena kama wiki moja kabla. Ujumbe ukienda kwa mtu asiyeusoma, mtabaki na barua ya posta tu, na mtaiamini. Wekeni anwani ya chama inayosomwa na watu wawili.

Mkaazi_Houston: Asanteni sana. Na hundi ikiwa imeshatumwa?

Fundi_Seva: Apige simu benki izuiwe kabla haijalipwa. Kama ni kadi ya mkopo, apinge malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kadi ilipotumwa. Kama mlitoa na msimbo, ombeni mpya, fungeni kikoa na mkatae uhamisho kabla siku 5 hazijaisha. Nakala ya barua na bahasha yake zipelekeni kwa wapelelezi wa posta, USPIS.

Bi_Mtandao: Wenye .co.tz au .co.ke waangalie kwenye rejista ya vikoa ya nchi husika; ya Kenya ni KeNIC.