Picha za ukutani zenye sura ya pwani: mchanga, tanga au patipati?

bint_langoni
Asalaam aleikum. Sebule ina ukuta mrefu mtupu, na mfuko nao mtupu. Nimejaribu mbili. Kwanza nilipaka ubao gundi nyeupe ya seremala, nikamwaga mchanga wa ufuo wa Shela, hapa Lamu, nikauchora mawimbi kwa kichana. Siku tatu tu: kila mlango ukibamizwa mchanga wadondoka, nami na ufagio. Pili nilichora dau kwenye kipande cha tanga kuukuu. Hilo bado lipo. Niendelee na lipi, au kuna la tatu?

fundi_mashua
Dada, mchanga hukuuosha. Chumvi huvuta unyevu, gundi ikawa haishiki. Uoshe kwa maji baridi mara tatu, uanike mpaka ukiumimina utiririke wenyewe. Ukishabandika na kukauka, zimua gundi kwa maji, upake juu kwa brashi laini.
Ila mimi ni mtu wa tanga. Marekani, kile kitambaa cha tanga, iliyopigwa jua na kusi miaka, rangi ile duka gani watakuuzia? Usiifue ikawa nyeupe, na viraka na mishono uviache hivyohivyo. Ulizia Matondoni wanakounda majahazi.

mama_watatu
Patipati! Mmesahau Flipflopi, jahazi la plastiki lililoundwa hapahapa Lamu na kuvikwa patipati kuukuu, likafika Unguja 2019? Wanangu huziokota ufukweni, tunazisugua kwa sabuni, tunakata samaki kwa wembe. Kisigino kilicholika huonyesha tabaka la chini, waridi chini ya buluu, basi hapo ndipo ninapoweka tumbo la samaki. Gundi ya seremala haishiki mpira. Nunua ya fundi viatu, na ufungue madirisha maana yapanda kichwani.

kaka_wa_malindi
Mbona hamtaji makome na simbi? Fremu ya makome ndiyo pwani yenyewe.

fundi_mashua
Kaka, wewe wa Malindi ndiwe wa kusema hayo? Hifadhi yenu ya bahari ipo tangu 1968, na ndani yake hakuokotwi hata kome tupu. Hata kwingine, kuna kaa anayehamia humo. Umempokonya nyumba ili upambe yako.

kaka_wa_malindi
Haya, nimenyamaza. Patipati basi.

shangazi_mkomani
Mwanangu, kabla ya yote: nyumba ni ya mawe? Usipige msumari. Chokaa kuukuu humung'unyuka, utaziba shimo la ngumi. Funga kamba kwenye boriti, picha ining'inie. Ndiyo maana nami nasema tanga, ni jepesi. Ubao wenye mchanga ni mzigo.

bint_langoni
Shukrani shangazi, ni ya mawe, na shimo moja tayari lipo. Nimelifunika kwa kalenda. Nimepata tanga zima, nakata vipande vitatu. Samaki wa patipati nitawabandika chumba cha watoto. Tatizo moja: tanga lanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo. Mume wangu kaingia akauliza nani amekaanga papa sebuleni. Lanikwa wapi hili hadi harufu iishe?

fundi_mashua
Darini, wiki mbili. Mbali na paka.