Filta ya oili ya Honda CG125 ya zamani: kila duka linanipa ya kwake

Mtoto wa Bwana Shamba, Kilosa

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na Honda za zamani. Ninayo CG125 aliyoniachia marehemu baba. Aliizungukia vijiji vya huku Kilosa enzi za ubwana shamba wake, na alipostaafu ikakaa stoo miaka mingi. Nimeweka betri na tairi mpya, nimesafisha kabureta, sasa inawaka vizuri na mlio wake umetulia. Kabla sijaanza kuitumia nataka kumwaga oili ya zamani na kubadilisha filta.

Hapo kwenye filta ndipo nilipokwama. Nilikwenda Morogoro mjini, duka moja likanipa filta ndogo ya karatasi, eti ni ya Honda zote. Duka la jirani likanipa nyingine, fupi na nene, ya pikipiki ya Kihindi. Nimeikagua injini pande zote, sioni pa kuziweka. Kulia kuna mfuniko mkubwa wa klachi, chini kuna nati ya kumwagia oili, basi. Namba ya injini inaanza na CG125E. Filta yake ni ipi na inakaa wapi? Injini hii naipenda, sitaki kubahatisha.

Fundi wa Msamvu

Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuitunza mali yake.

Mdogo wangu, hizo filta zirudishe kama bado zina risiti. CG125 haina filta ya karatasi. Haikuwa nayo ilipotoka mwaka 1976, na wala hakuna mtu aliyeitoa kwenye yako. Honda waliijenga kwa ajili ya nchi ambazo spea ziko mbali na barabara ni vumbi. Ndiyo maana hata valvu zake zinasukumwa kwa vijiti, haina cheni ya kamu ya kulegea. Oili nayo wakaiwekea machujio ya kuosha, siyo ya kutupa.

La kwanza ni chujio la wavu, linalozuia vipande vikubwa kabla oili haijafika kwenye pampu. La pili ndilo ambalo mafundi wengi vijana hawalijui, na ndilo la maana zaidi. Liko nyuma ya huo mfuniko mkubwa wa kulia, kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ni kama kikombe cha chuma chenye kifuniko cha skrubu. Kranki ikizunguka, kikombe kinazunguka nayo kwa kasi ileile. Oili inaingia humo, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda ukutani, na oili iliyo safi inaendelea kwenda kwenye beringi ya kranki. Ukikifungua kwenye pikipiki iliyotumika muda mrefu utakuta tope jeusi, gumu, limegandamana mpaka unalikwangua. Hilo tope ni chembe za chuma na masizi ambayo yangepita kwenye beringi.

Utaratibu wangu ni huu. Washa injini ipate moto kidogo, mwaga oili, toa mkono wa kiki na chochote kinachozuia mfuniko, legeza waya wa klachi. Fungua boliti za mfuniko kwa zamu, na kila moja ikumbuke ilipotoka kwa sababu hazilingani urefu. Zile skrubu za kikombe zinalika vichwa haraka sana. Usizilazimishe kwa bisibisi ya kawaida, tafuta bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kwangua tope kwa kijiti cha mti, osha kwa mafuta ya taa, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Wavu nao uoshe, uutazame kwenye mwanga. Ukitoboka, badilisha.

Unachonunua dukani ni gaskiti ya mfuniko wa kulia, oringi, na oili. Basi.

Bodaboda Mvomero

Fundi, yangu ni ya Kichina, 125, kwenye tangi stika zimefutika zote. Nayo ni hivyohivyo?

Fundi wa Msamvu

Achana na stika za tangi, hata zingekuwepo. Soma namba iliyogongwa kwenye injini. Ukikuta 156FMI, maana yake silinda moja, kipenyo cha milimita 56, inapozwa kwa hewa, ni ya pikipiki, na ni ya daraja la 125. Ikiwa 162FMJ ni ya 150. Nyingi kati ya hizo ni nakala ya CG, na ukiona vijiti vya kusukuma valvu badala ya cheni, jua uko kwenye ukoo huo. Kwa hiyo nenda dukani na picha ya hiyo namba na picha ya injini upande wa kulia. Muuzaji anayekuuliza rangi ya pikipiki kabla ya namba ya injini, mwache.

Mzee wa XR, Iringa

Niongezee kwa wenye Honda XR250 na ndugu zake, maana huku kwetu zipo. Hizo ndizo zenye filta ya karatasi, chini ya kifuniko kidogo cha mviringo upande wa kulia. Kwa filta za kampuni ya HiFlo, namba yake ni HF112. Springi inatangulia, inakaa upande wa injini, kisha filta, na maandishi OUT-SIDE yatazame nje kwako. Ukiigeuza, oili haipiti inavyotakiwa na injini inakufa huku wewe unaona umefanya matengenezo.

Mtoto wa Bwana Shamba, Kilosa

Asanteni sana wakuu. Fundi, swali la mwisho: gaskiti nisipoipata, silikoni inafaa? Na oili niweke ipi?

Fundi wa Msamvu

Gaskiti ya CG inapatikana, usikate tamaa mapema. Chukua ya zamani uilaze juu ya mpya pale kaunta, tundu kwa tundu. Ukikosa kabisa, kata mwenyewe kwenye karatasi ya gaskiti. Silikoni sipendi. Inayozidi inabanwa kwenda ndani, inakatika vipande, na vipande vinakwenda kuziba wavu uliotoka kuuosha.

Oili tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili za pikipiki zenye klachi ya kuloa, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Haijai lita moja na robo, kwa hiyo usimimine kopo zima kwa mazoea. Simamisha pikipiki wima, iwashe dakika chache, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti bila kukikaza kwenye nyuzi. Iishie kwenye alama ya juu. Ukishatembea nayo wiki ya kwanza, mwaga tena hata kama inaonekana nzuri, maana injini iliyolala stoo inaendelea kuachia uchafu.