Ngiri: tupeane uzoefu

Wa Kayole: Jana kwa matatu mama mmoja ametoa elfu moja, makanga akafoka, "Ngiri asubuhi hii? Chenji nitoe wapi?" Mama akabaki mdomo wazi. Nani mwingine ameponzwa na neno hili?

Mpwa: Usinikumbushe! Mjomba wangu wa Tanga alikuja Julai, baridi ikamshinda, nikampeleka soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, kutafuta koti. Miezi mitatu kabla alikuwa amepasuliwa ngiri, ule ugonjwa wa mshipa, siri ya mimi na yeye tu. Akajaribu koti la kijivu, kifungo kimoja hakipo. Muuzaji akamtazama juu mpaka chini: "Mzee wangu, hiyo ni ngiri." Mjomba akanigeukia: "Umemwambia?" Sijajibu, jamaa akaongeza, "Kama ngiri inakulemea, mzee, toa nusu tumalizane." Koti likatupwa kwenye rundo. Nilimkuta stendi ya mabasi ya Machakos, hapo hapo Nairobi, mkono mmoja bado kinenani. Siku tatu hakunisemesha.

Mama Pacha: Uji wote umemwagika hapa 😂😂

Mtu wa Murang'a: Ngiri ni Kikuyu, maana yake elfu. Cucu yangu, yaani nyanya, hajawahi kusema Sheng, lugha ya mtaani, maishani na ngiri anasema. Msituibie.

Buru Buru: Ikishuka mitaa ya Eastlands, Nairobi, imekuwa ya wote. Hata matatu ilitoka kwa mang'otore matatu ya Kikuyu, senti thelathini za nauli. Mbona hiyo hudai?

Mtu wa Murang'a: Nani amesema sidai?

Likoni: Pwani ngiri ni mshipa, au yule mnyama wa porini mwenye pembe mdomoni. Ukiniambia nikulipe ngiri mbili naenda kutega.

Buru Buru: Lipa ndovu basi. Noti ya zamani ya elfu ilikuwa nao mgongoni, ikafutwa 2019, jina tumebaki nalo.

Mama Pacha: Wageni wafundishwe kusema thao, nayo ni elfu, yaishe.

Fundi Redio: Wasifundishwe kitu. Mzee alikasirika kidogo tu, bei ikashuka nusu!

Wa Kayole: Jirongo moja, yaani mia tano, kumbe 😂 Enzi za YK'92 hiyo, vijana wa kampeni ya KANU 1992 walioongozwa na Jirongo.

Likoni: Na koti je?

Mpwa: Nililirudia kesho yake. Jamaa alikuwa bado amenuna, hakupunguza hata shilingi. Mjomba hulivaa akipanda Lushoto. Akiniuliza bei, namwambia mia tisa.