Wenye nyumba Dodoma, mtoto mwenye usonji si mkosi wa nyumba zenu

Wakuu, nimejitahidi kunyamaza nimeshindwa. Natakiwa kuhama tena, na si kwa sababu ya kodi. Kodi nimelipa miezi sita kwa mkupuo kama mlivyozoea kudai hapa mjini. Shida ni mwanangu. Ana usonji (autism), haongei, na kelele zikimzidi anaziba masikio na kupiga mayowe. Mwenye nyumba ananiambia wapangaji wenzangu wanalalamika kwamba tangu tuhamie, biashara zao haziendi.

Biashara zao! Mtoto anayeshinda barazani akipanga vifuniko vya soda ndiye aliyewafukuzia wateja?

Ila yanayonichoma zaidi ni maneno ya kina mama wenzangu pale bombani. Mwanangu akitoka nje, wanawaita watoto wao waingie ndani, eti atawaambukiza. Mmoja aliniuliza mbele za watu kama niliwahi kwenda kwa mganga kutafuta mali nikamtoa mtoto. Mwingine anasema nimpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakati usonji si wazimu. Kuna na wa chanjo, anayedai chanjo ndiyo iliyomletea mwanangu usonji. Habari hiyo ya chanjo ilienezwa na daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha likaifuta, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa huko. Leo hii bado nasomewa habari hiyo mimi nikiwa na ndoo kichwani.

Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, kuanzia mtoto akiwa tumboni, na vinasaba vina sehemu kubwa. Hauambukizi. Hauletwi na malezi wala jini. Upande wa mume wangu walishasema kwao hakuna kitu hicho, kwa hiyo kimetoka kwetu. Hayo nayaacha.

Tangu serikali ihamie huku, mwenye nyumba ndiye anayechagua mpangaji. Swali la kwanza la dalali ni una watoto wangapi. Ukimweleza ukweli, chumba ulichoonyeshwa asubuhi jioni kina mtu. Ndiyo maana wapo wazazi wanaowafungia watoto ndani mchana kutwa, pazia limeshushwa, mwenye nyumba asijue. Siku wakigundulika, mnakuja na simu kuwapiga picha na kuwaita makatili. Nani aliwafikisha hapo? Mtoto hatoki, hachezi, hapelekwi hata kliniki, kwa sababu mama yake anaogopa kulala nje na vyombo vyake.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Akajibu nyumba ni mali ya mtu, nikaongee naye vizuri. Nimeongea vizuri kila nyumba niliyokaa! Nimeomba radhi kwa kilio cha mtoto ambaye hakumkosea mtu, na sitaomba tena.

Kwa mwenye chumba na sebule maeneo ya Ipagala, Nkuhungu au Chang'ombe, aandike hapa hapa chini. Kiwe na geti linalofungwa, maana mwanangu akiona barabara anakimbilia magari. Nitamweleza mwenye nyumba kila kitu kabla sijatoa hela. Namba za waganga na za watu wa maombezi msinitumie.