Honi inakoroma, indiketa hazipepesi, betri ni mpya

Swali:
Wakuu habari, nina pikipiki ya zamani ya 12V, injini iko poa ila umeme umenishinda. Honi inakoroma tu, indiketa zikiwashwa zinabaki zimewaka hazipepesi, na taa kubwa inafifia kila nikiachia mafuta. Fyuzi nzima. Betri nimeweka mpya lakini hakuna kilichobadilika. Fundi anasema ninunue regyuleta (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri), kabla sijatoa hela naomba ushauri.

Jibu:
Usinunue kitu bado mkuu. Taa kubwa itoe kwanza kwenye hesabu, pikipiki nyingi ndogo za zamani taa ya mbele inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti (inayozalisha umeme injini ikizunguka) wala haigusi betri, kwahiyo kufifia ukiachia mafuta ndo kawaida yake. Honi na indiketa ndo zinakula betri, na betri ni mpya, basi mimi nashuku arthi, yaani muunganiko wa hasi ya betri na fremu. Chukua mita ya kupimia umeme weka volti 20 DC, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, sio kwenye waya, nyingine kwenye chuma kitupu cha fremu, alafu bonyeza honi. Ikizidi volti 0.5, umeme wako unapotelea kwenye kutu.

Jibu:
Na regyuleta inapimwa, haikisiwi. Washa injini, mita kwenye betri, piga resi ya wastani. Volti 13.5 mpaka 14.5 ni nzima, ikipita 15 hiyo itakuchemshia betri, toa. Ikigoma kupanda kagua soketi yake kwanza, mara nyingi pini imeungua tu. Alafu mtu asikushauri uweke fyuzi kubwa, tafadhali sana, ukizidisha ndo waya unaungua badala ya fyuzi na nimeshaona pikipiki ikiteketea hivyo.

Muuliza swali:
Nimepima, 1.3! Bolti ya arthi ilikuwa imejaa kutu na rangi juu yake, nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, sasa inasoma 0.08 na honi inalia vizuri. Chaji 14.1. Indiketa za kushoto zinapepesa ila kulia bado zimeganda.

Jibu:
Flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, ni moja kwa pande zote, kama kushoto inafanya kazi basi nzima. Fungua balbu za kulia, flasha za zamani zikikosa mzigo wa kutosha hazipepesi, kwahiyo moja imekatika, ina wati ndogo au haigusi vizuri.

Muuliza swali:
Ya nyuma, soketi ilikuwa ya kijani kabisa kwa kutu. Nimeikwangua, zinapepesa zote. Asanteni sana wakuu, regyuleta sinunui.