Naomba ushauri: picha ndogo ninayoipenda kuliko zote

Habari zenu wakuu. Napiga picha kwa kujifurahisha, safarini na nyumbani, na sasa nataka kuchapisha chache nitundike ukutani. Za safari hazinipi shida. Inayonitesa ni moja ya mama akitunga uzi kwenye sindano, mwanga wa dirisha ukimwangukia mkononi. Naipenda mno! Ila nakala halisi ilipotea, iliyobaki ina pikseli 1600 kwa 1200 tu, tena ina chengachenga kwenye kivuli. Nikiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha kawaida cha picha inayoonekana safi, haifiki hata sentimita 14 kwa upana. Je, niichapishe ndogo hivyohivyo kwenye fremu yenye pambizo pana, au niikuze niigeuze nyeusi na nyeupe? Aliyewahi kujaribu anieleze matokeo yake, tafadhali.