MJADALA: Picha ya jicho ikifutwa, msimbo ukabaki, kimefutwa nini?

Mwalimu wa Taswira (mwanzisha mada)

Habari za jioni nyote. Juzi katika somo langu la uchakataji wa picha nilimpiga mwanafunzi mmoja picha ya jicho kwa kamera ya geti, zile zenye taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Macho yake ni meusi tii kama ya wengi wetu, lakini kwenye skrini yalitoka ya kijivu, na nyuzi zikajitokeza mojamoja kama mkeka uliochakaa. Darasa zima likaguna. Kipindi kilipokwisha akanifuata mezani: "Mwalimu, ile picha umefuta?" Nikaifuta akiona, hadi kwenye pipa la taka. Usiku nafungua kompyuta, faili la msimbo wake, zile namba ambazo programu huzitoa kwenye picha ya jicho ili kumtambua mtu, limo kwenye folda nyingine. Sikumdanganya, ila jicho lake bado nilikuwa nalo.

Hapo nikaikumbuka kesi ya Worldcoin. Kwa waliosahau: Julai 2023 mradi huo wa akina Sam Altman, mkuu wa OpenAI, wa kuthibitisha kwa macho kwamba mtu ni mtu na kutoa sarafu ya kidijitali, ulizinduliwa rasmi, na Nairobi watu wakapanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC kutazama tufe la rangi ya fedha liitwalo Orb. Ukishapigwa picha ya macho unapewa tokeni 25 za sarafu hiyo, wakati ule kama shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha, na Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshajiandikisha. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamuru data ya kibayometria, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu, ifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa ipasavyo na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha pesa.

Utetezi tuliousikia tangu mwanzo ni kwamba picha hufutwa, kinachobaki ni msimbo tu, namba. Mimi nasema msimbo ni jicho, na sheria iutazame hivyo. Nipingeni.

Kevo wa Umoja

Mwalimu, mimi nilifika KICC saa kumi na moja alfajiri na sijutii hata kidogo. Zile pesa zililipa nyumba na gesi ikajaa. Jicho langu ninalo hapa, nasoma nalo maneno yako. Hizo namba mtu atazifanyia nini? Atanionea wivu?

Mwalimu wa Taswira

Kevo, umenichekesha, lakini ngoja nikuonyeshe namba zenyewe. Njia inayofuatwa na wengi ni ya John Daugman wa Cambridge, hataza yake ni ya 1994. Kinachopigwa picha ni ile duara ya rangi inayozunguka kiini cha jicho (magazeti huandika mboni, tuendelee nayo). Duara hiyo hukatwa ikanyooshwa ikawa utepe, kama unavyofumua ukili. Kisha vichujio vya kihesabu hupita juu ya utepe, na kila mahali huandika biti mbili (kila biti ni sifuri au moja) kulingana na nyuzi zilivyokaa. Jumla biti 2,048, yaani baiti 256. SMS moja hubeba baiti 140, kwa hiyo jicho lako linaenea kwenye SMS mbili na nafasi inabaki.

Sasa shida iko hapa. Nywila unaweza kuisaga: badilisha herufi moja na matokeo yote yanabadilika, kwa hiyo anayeiba yaliyosagwa hajapata nywila. Jicho halisagiki hivyo. Picha mbili za jicho lilelile haziwi sawasawa kabisa, kope imeshuka, mwanga umehama, umesogea kidogo. Mashine inachofanya ni kuhesabu biti zinazotofautiana. Za watu wawili tofauti hukaribia nusu, kama kurusha sarafu. Za mtu mmoja huwa chache zaidi. Ili hesabu hiyo iwezekane, msimbo lazima uhifadhiwe ukiwa bado unafanana na jicho. Mwaka 2012 Javier Galbally na wenzake waliuanza mkondo kutoka upande wa pili: wakachukua misimbo mitupu, wakatengeneza picha za macho kutokana nayo, na mfumo wa kibiashara ukazikubali mara nyingi kuwa ni wenyewe.

Mdau wa Ubungo

Mkuu, umesimulia vizuri, lakini hebu tuwe wakweli. Picha za Galbally hazikuwa jicho la mtu, zilikuwa picha zenye msimbo unaofanana. Mtaalamu akizikazia macho anaweza kuzitilia shaka. Halafu kama hofu ni picha, basi sote tumekwisha. Yule msichana wa Kiafghani wa jalada la National Geographic, Sharbat Gula, alipigwa picha 1984 kambini Pakistan kwa kamera ya kawaida, na mwaka 2002 huyohuyo Daugman akathibitisha ni yeye kwa macho. Kila mwenye selfi mtandaoni ameshatoa jicho lake bure, bila hata hizo 7,000.

Na huku kwetu Tanzania tulisajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 20, 2020. Tuliweka vidole kwa wakala chini ya mwavuli, jua la saa saba, mashine anaifutia shati. Kelele hizi zilikuwa wapi? Leo video feki zimejaa, akaunti za roboti zimejaa. Kuna siku tutaitafuta hiyo teknolojia ya kuthibitisha mtu ni mtu, na mtakuwa mmeshaifukuza.

Mwalimu wa Taswira

Mkuu, Sharbat Gula ana macho ya kijani. Hilo ndilo lililosaidia. Macho yenye rangi nyepesi huonyesha nyuzi zake kwa mwanga wa kawaida. Macho yetu melanini, ile rangi ya asili nyeusi, inaufyonza, selfi inaona weusi tu. Ndiyo maana mashine za kazi hii hutumia infraredi. Kwa hiyo Kevo alipokodolea lile tufe alitoa kitu ambacho selfi zake zote hazijawahi kukitoa.

La vidole nakubaliana nawe, na la wakala kufutia shati sina jibu.

Bi Salma, Mombasa

Mwalimu, kwa heshima, unaomba sheria uliyonayo tayari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaieleza data ya kibayometria kuwa ile inayotokana na uchakataji wa kiufundi wa maumbile ya mtu. Imetaja mpaka umbo la ndewe za masikio! Msimbo umo, tena ndio umo hasa. Mbele ya sheria hakuna pa kujifichia kwa kusema ni namba tu.

Mimi swali langu ni jingine. Mei 2024 kampuni ya Worldcoin ilitangaza inavunja msimbo vipande, kila kipande kwa mtunzaji wake, ulinganisho ufanyike bila vipande kuunganishwa, na kwamba misimbo ya zamani imefutwa. Mwaka uliofuata mahakama ikaamuru ifutwe. Haya, Kamishna anasimama wapi ili aone kitu ambacho hakipo?

Mwalimu wa Taswira

Bi Salma, hapo umenikamata, nimekubali. Sheria ninayo, nilichokosa ni ushahidi. Vipande ni kazi nzuri ya kihesabu na siidharau, ingawa inategemea watunzaji wasikubaliane kando. Lakini chukua watu 350,000, macho mawili kila mmoja, kwa kipimo cha Daugman: hazifiki megabaiti 200. Ni flashi ya mfukoni, na nafasi ya nyimbo inabaki. Nakala ya namna hiyo haiachi pengo popote. Unaweza kukagua seva, ukahojiana na mafundi, ukapewa hati ya kiapo. Kinachobaki ni kuamini.

Mdau wa Ubungo

Basi kama ni kuamini, tuwaamini wote au tusimwamini yeyote, serikali zetu zikiwemo.

Bi Salma, Mombasa

Serikali naweza kuishtaki hapa hapa Mombasa, kaka. Huyo mwingine nitamfuata wapi?

Kevo wa Umoja

Mimi bado sijaona nilichoibiwa. Ila Mwalimu, ya yule mwanafunzi wako ulishafuta?

Mwalimu wa Taswira

Nilifuta usiku uleule.

Kevo wa Umoja

Alikuwepo?

Mwalimu wa Taswira

Hakuwepo.